Siku Moja ya Vivuli Nairobi

Walinionya kuhusu baridi ya Nairobi, sikuwasikia. Mtu wa Tanga akiambiwa baridi huwaza upepo wa baharini baada ya mvua. Hujifunga kanga ya pili, yakaisha. Basi nilipokanyaga sakafu ya nyumba ya wageni kwa miguu mitupu, saa kumi na moja alfajiri, mwezi wa kumi ukingoni, ndipo nikaelewa kwa nini Wamasai waliyaita maji ya hapa Enkare Nairobi, maji ya baridi. Mji huu umekaa mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari. Ulianza mwaka 1899 kama kambi ya wajenga reli kwenye tambarare ya matope, na matope yenyewe bado yapo. Yanasubiri mvua tu.

Nikavaa kila nilichobeba, nikatoka.

River Road haikuwa imeamka, au niseme haikuwa imelala. Mkokoteni wa viazi ulikuwa unapandishwa mtaa na vijana wawili wanaotoa mvuke midomoni, muziki ukivuja kutoka ghorofa ya pili ya jengo ambalo ngazi zake sikuziona. Nikafuata harufu ya maziwa. Kwenye kibanda cha mabati, mama mwenye sweta mbili na leso kichwani alikuwa anakoroga sufuria kubwa kama ya shughuli. Chai ya Nairobi si ile yetu ya rangi yenye mchaichai na tangawizi. Ni maji, maziwa na majani vilivyochemshwa pamoja mpaka vikasahau kwamba viliwahi kuwa vitu vitatu, rangi yake kama tofali lililolowa. Pembeni kuna mandazi ya pembe tatu, makubwa, moja linamtosha mtoto wa shule mpaka saa nne.

"Karibu, kastoma."

"Ahsante mama. Naomba kikombe kimoja cha chai, tafadhali."

Mwiko ulisimama. Wateja wawili waligeuka. Mama akacheka mpaka akashika meza. "Wewe umetoka Tanzania! Hapa hatuombangi chai. Tunasemanga tu, leta chai." Kisha, kana kwamba kicheko kile kilikuwa deni, akanimiminia kikombe kikajaa hadi ukingo na kuniongezea andazi ambalo hakulihesabu kwenye bei.

Akaniuliza nimekuja kutafuta nini, kwani watu wa kwetu huja River Road kwa simu, vitambaa na vipuri. Nikamwambia nimekuja kuangalia miti.

"Miti?" Akamtazama mteja wa pembeni kama mtu anayetafuta shahidi. "Umeacha miti Tanzania ukuje kuona miti Nairobi?"

Sikuwa na jibu la kumpa papo hapo, kwa sababu jibu lenyewe linaanzia nyumbani. Mtaani kwetu palikuwa na kiwanja. Kilikuwa na mwembe mmoja, magoli mawili ya mirunda, na sehemu ya chini iliyojaa maji kila masika ambapo watoto wote wa mtaa tulijifunza kuendesha baiskeli kwa kuanguka. Mwaka mmoja yakaonekana mawe ya mipaka. Mwaka uliofuata ukuta. Baada ya hapo zikaja fremu za maduka. Tulilalamika sana, kwa ufasaha mkubwa, vibarazani na kwenye kahawa. Ofisini hakwenda mtu. Ndiyo maana niliposikia kwamba kuna mji, tena mji wenye njaa ya ardhi kuliko wetu, ambao watu wake walikwenda ofisini, mahakamani, mpaka msituni, nilitaka kwenda kukaa chini ya hivyo vivuli nione vinafananaje.

Matatu ya kwenda upande wa Limuru Road ilikuwa imechorwa sura za wanamuziki ubavuni na taa za zambarau ndani, muziki ukipiga kifuani kabla ya kufika masikioni. "Mathe, ingia, beba beba, ni finje tu!" Finje ni shilingi hamsini. Mathe, yaani mama, ni mimi. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuitwa hivyo, na nilichukua vituo viwili kuikubali. Kila nilipouliza tumefika wapi, abiria watatu walijibu kwa pamoja, kila mmoja akitaja jina tofauti la mahali palepale, na makanga, yaani kondakta, aliponiteremsha aliniambia nivuke kwa makini, "hawa watu wa magari hawana huruma." Halafu gari lake likaondoka bila huruma.

Msitu wa Karura huanza ghafla. Upande mmoja wa barabara kuna kuta za mabalozi na matajiri wa Muthaiga, upande wa pili kuna giza la kijani. Langoni nikapata aibu ya siku: kiingilio ni kwa simu, fedha mkononi hazipokelewi, na laini yangu ya Tanzania ikagoma kuzungumza na mfumo wa pale. Nilisimama nikiibonyeza kama mtu anayebembeleza jiwe. Nyuma yangu alikuwapo mzee mmoja na mkewe, wamevaa raba nyeupe na kofia za sufu, kila mmoja na fimbo yake ya kutembelea.

"Shikamoo mzee, shikamoo mama, tangulieni tu, mimi bado."

Mzee akaitikia "Marahaba!" kwa furaha ya mtu aliyeokota sarafu ya zamani. Mjini kwao shikamoo husikika kwa nadra. Akanilipia kiingilio kabla sijamaliza kueleza shida yangu. Nilipomtolea noti, akazikunja tena ndani ya kiganja changu. "Binti, wewe ni mgeni. Tembea na sisi, mama huyu amechoka na hadithi zangu." Ndani ya saa moja nilikuwa nimekuwa mathe na binti.

Sasa niseme juu ya harufu. Msitu wa asubuhi baada ya manyunyu hunuka kama chumba cha bibi: majani makavu, kuni mbichi, kitu kitamu kidogo ambacho huwezi kukitaja. Ukungu ulikuwa umeshikwa juu ya miti, jua likiupenya kwa vipande. Njia ni ya udongo mwekundu, pana, na kila njia panda ina kibao chenye namba, hivyo mtu wa bara na mtu wa pwani hupotea kwa usawa na kurudi kwa usawa. Wakimbiaji walitupita wakihema, vijana wa baiskeli wakagonga kengele, mbwa mmoja mwenye mwendo wa kibalozi akapita na mwenye mbwa nyuma yake. Na zaidi ya sauti hizo palikuwa na kitu ambacho sikukitarajia mjini, nacho ni kimya. Kimya kinene, chenye ndege ndani yake. Hondohondo walipita juu na kelele za mbawa zao kama mkeka unaokung'utwa. Ndege wa kijani, mkubwa kama kuku mtetea, aliruka tawi hadi tawi, na alipofungua mabawa yakawa mekundu kama damu ya mzee.

Msitu huu una hekta zaidi ya 1,000, na umekuwa hifadhi rasmi tangu mwaka 1932. Kwa makaratasi, basi, ulikuwa salama. Mzee alitabasamu nilipolisema hilo.

"Makaratasi ndiyo yaliyotaka kuumaliza," akasema. Na mkewe akaongeza: "Zamani hapa hukuingia. Na ukiingia, hukutoka na viatu."

Wakanieleza kwa zamu, mmoja akianza sentensi na mwingine akiimaliza. Miaka ya tisini Karura ilikuwa pango la wezi, mahali ambapo mama alimtisha mtoto napo. Hakuna aliyetembea humo, kwa hiyo hakuna aliyejua kinachotendeka humo. Mwaka 1998 ikajulikana kwamba sehemu za msitu zilikuwa zimekwisha kugawiwa watu binafsi kwa ajili ya nyumba za kifahari, kimyakimya, viwanja juu ya ramani. Magari ya ujenzi yalikuwa ndani, miti ikiangushwa, wakati makao makuu ya Umoja wa Mataifa ya mazingira yako Gigiri, ng'ambo tu ya miti hiyo.

Aliyekwenda kuuliza alikuwa Wangari Maathai. Alikuwa profesa, mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na Kati kupata shahada ya uzamivu, mwaka 1971, lakini silaha aliyokwenda nayo Karura ilikuwa mche na ndoo ya maji. Aliliendea lango na wenzake, wakiwamo wabunge na waandishi, wakitaka jambo moja la kipuuzi kabisa machoni pa mwenye nguvu: kupanda mti. Tarehe 8 Januari 1999 walikuta kundi la wanaume waliokodiwa, wenye marungu na mapanga. Walipigwa. Wangari alipasuliwa kichwa, akaenda kituo cha polisi damu ikimtiririka, na mwenyewe amesimulia katika kitabu cha maisha yake kwamba taarifa yake aliitia saini kwa damu hiyo. Mwezi huohuo wanafunzi wa vyuo wakaingia barabarani. Kabla mwaka haujakwisha, Agosti, Rais Moi akatangaza kusitisha ugawaji wa ardhi ya umma.

Tulikuwa tumefika kwenye maporomoko wakati huo. Si makubwa; aliyeona Kalambo hatashangaa. Lakini maji yanaanguka kutoka kwenye kizingiti cha mwamba mweusi katikati ya mji wenye mamilioni ya watu, na ukisimama karibu uso unalowa. Pembeni kuna mapango ambayo wapiganaji wa Mau Mau waliyatumia kujificha. Mama alikaa kwenye jiwe, akatoa chupa ya chai na viazi vitamu vilivyofungwa kwenye karatasi, akanipa kiazi kikubwa kuliko vyote. Kilikuwa bado cha moto.

"Uzio ulikuja baadaye," mzee akasema. Mwaka 2009 wakazi wa jirani walianzisha chama cha marafiki wa msitu, wakashirikiana na Huduma ya Misitu, ukajengwa uzio wa umeme, na mwaka 2011 njia zikafunguliwa kwa watu. "Lakini uzio ni waya. Mwenye karatasi na tingatinga hazuiwi na waya. Sisi wawili tunakuja hapa kila Jumanne na Ijumaa. Ukikatwa mti Jumatano, Ijumaa tunaujua. Asiyekuwapo na lake halipo."

Methali hiyo nimeisikia tangu nikiwa mdogo, kwenye karamu, kwa mtu aliyechelewa pilau. Sikuwahi kuisikia ikisemwa kuhusu msitu.

Tulipokuwa tunarudi, mbega watano walikuwa wamekaa juu ya mti mmoja kama wazee wa baraza, joho jeupe mabegani, mikia imening'inia. Kwetu Usambara wapo, nikawasalimu kama jamaa. Mzee akaniambia hawa nao ni wageni: walikuwa wametoweka hapa, na kuanzia mwaka 2014 wengine wakaletwa kutoka Kipipiri, kule Nyandarua. Nikawaangalia upya. Walionekana wamezoea mji haraka kuliko mimi.

Kutoka Karura nikateremka kwa matatu nyingine hadi City Park, ambako soko la mboga la Limuru Road linamwaga rangi zake mpaka barabarani: karoti zilizooshwa zikang'aa, mapera, matunda damu, dania kwa mafungu. Njaa ilikuwa inauma. Kwenye kibanda nikaagiza chapo madondo, yaani chapati na maharage, na safari hii sikuomba. "Leta!" nikasema, kwa sauti ambayo bibi yangu angeifinya. Chapati ya Nairobi ni nene, ina matabaka, inapasuka kwa mvuke. Maharage yana nyanya na dania hadi sahani inanukia. Kisha nikaongezewa parachichi lililokatwa nusu, laini kama samli. Nikawaza kuhamia.

City Park yenyewe ni bustani ya kizee: hekta kama 60, vichochoro vilivyofunikwa na mimea inayotambaa, mabenchi yaliyoinama. Kima ndio wenye nyumba. Kijana wa kuuza njugu aliniuzia pakiti moja, akanionya niishike vizuri, na kabla onyo halijaisha kima mmoja alikuwa ameshaichukua, amekaa umbali wa hatua tatu akimenya kwa adabu. Kijana akanipa pakiti ya pili bure. "Huyo ni mwenzangu wa biashara," akasema.

Nilikuwa natafuta makaburi. Yapo pembezoni, nyuma ya sanamu za mawe. Pio Gama Pinto, mwandishi na mpigania uhuru aliyeuawa kwa risasi mbele ya nyumba yake Februari 1965, amelala hapa. Karibu naye amelala Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais wa Kenya, ambaye alitaka azikwe jirani na rafiki yake. Murumbi alikuwa mkusanyaji mkubwa wa sanaa na vitabu. Aliiuzia serikali nyumba yake ya Muthaiga kwa matumaini kwamba ingekuwa taasisi ya utamaduni. Badala yake nyumba iliachwa ikaoza, miti ya asili aliyoitunza ikakatwa na ardhi ikakatwa viwanja. Alifariki mwaka 1990. Halafu hata upande huu wa bustani ukaanza kunyemelewa, kama vile mtu hana haki ya kivuli hata akiwa chini ya ardhi. Waliomjua na waliopenda bustani ndio waliolipigia kelele jambo hilo, na mwaka 2009 City Park ikatangazwa kuwa turathi inayolindwa kisheria. Nilikaa hapo kidogo. Majani yalikuwa yanaanguka juu ya sanamu, na mtoto mmoja alikuwa amepanda juu ya jiwe lililochongwa anakula aiskrimu. Nadhani Murumbi angeipenda picha hiyo.

Mjini nilifika saa saba na nusu, jua limewaka kana kwamba asubuhi ile ya barafu ilikuwa uzushi. Sweta likaingia mkobani. Na mijakaranda! Sijasema juu ya mijakaranda. Kwa wiki chache kila mwaka, vuli inapokaribia, mitaa ya Nairobi hugeuka zambarau juu na chini: maua yako matawini, na yaliyoanguka yametandikwa lami nzima kama kanga iliyoanikwa. Magari yanayaponda, yanalia pof, pof. Utelezi wake nao usiuchezee. Niliteleza mbele ya askari wa usalama barabarani, naye akasimamisha magari mpaka nilipojikusanya.

Jeevanjee Gardens wakati wa chakula cha mchana ni ukumbi usio na paa. Chini ya mti mmoja mhubiri alikuwa anatoka jasho juu ya moto wa jehanamu, mkalimani wake akimfuata kwa kasi ileile. Chini ya mti wa pili watu kama thelathini walikuwa wanajadili bei ya unga, kila msemaji akisimama kwa zamu. Hao ni Bunge la Mwananchi, mkutano wa watu wa kawaida ambao umekuwa ukifanyika hapa miaka mingi, usio na mshahara wala gari. Chini ya mti wa tatu watu walikuwa wamelala tu, viatu vimewekwa chini ya kichwa. Nilipata nafasi kwenye benchi kati ya karani aliyefunga tai na mama mwenye kapu la ndizi. Mama akasogea. Karani akasogea. Hakuna aliyeuliza mimi ni nani.

Bustani hii haikutoka serikalini. Alibhai Mulla Jeevanjee, mfanyabiashara aliyezaliwa Karachi na kutajirika enzi za ujenzi wa reli, aliitoa kwa watu wa mji mwaka 1906. Mwaka 1991 ukaja mpango wa kuijenga. Aliyesimama mbele alikuwa mjukuu wake, Zarina Patel, msanii na mwandishi, na Wangari Maathai akamuunga mkono. Ukitazama majengo yanayoizunguka, yamebanana bega kwa bega mpaka ukingoni, unaona wazi kile kiasi kidogo cha ardhi kingekuwa na thamani gani kwa mtu mwenye saruji. Na ukimtazama yule aliyelala na viatu vyake kichwani, unaona thamani nyingine. Hana kibaraza wala mkahawa atakapokaa saa nzima bila kununua kitu. Ana hapa.

Nikashuka Muindi Mbingu Street, nikapita wauza maua wa karibu na Soko la City, ndoo za waridi na maua meupe ya harusi yakinukia mpaka upande wa pili wa barabara. Hapo mvua ikaamua. Mvua ya Nairobi haibishi hodi. Wote tuliokuwa njiani tukajikuta chini ya baraza moja ya duka, wageni ishirini tumebanana kama familia, na kila mtu akiitazama mvua kwa namna ya kuisifu na kuilaani kwa pamoja. Makanga wa matatu iliyosimama mbele yetu alikuwa akiita nauli ya finje. Ngurumo ya pili ilipopiga, ikawa soo, mia nzima. "Mvua imepandisha bei ya mafuta," akasema mtu nyuma yangu, tukacheka wote, na dada mmoja akanifunika nusu ya mwavuli wake mpaka kwenye taa za barabarani ingawa njia yake ilikuwa upande mwingine. Matope yalikuwa tayari yamepanda mpaka kwenye vifundo vya miguu. Mji wa reli haujasahau ulikotoka.

Saa kumi na moja nilikuwa kwenye mteremko wa Uhuru Park, nyasi zikitoa mvuke. Kutoka hapa unauona mji wote: mnara wa mviringo wa jumba la mikutano la KICC, saa ya bunge, maghorofa ya vioo yaliyoshika jua la mwisho. Katikati yako na hayo yote kuna nafasi. Rais Jomo Kenyatta aliifungua bustani hii mwaka 1969, na tangu hapo Nairobi hufanyia hapa mambo yake makubwa. Katiba ya mwaka 2010 ilitiwa saini hapa, mbele ya umati.

Mwaka 1989 palikusudiwa kujengwa jengo la ghorofa 60 papo hapa nilipokaa, kwa ajili ya chama tawala na gazeti lake, pamoja na sanamu ya rais. Wangari akaandika barua. Aliandika kwa ofisi baada ya ofisi, akiuliza kama wenzetu wa London wangekubali jengo kama hilo ndani ya Hyde Park. Bungeni walimcheka, wakamsema kwa talaka yake. Rais akaona mwanamke anayefuata mila angewaheshimu wanaume na kunyamaza. Shirika lake la kupanda miti likafukuzwa ofisini, likahamia nyumbani kwake. Lakini barua zilikuwa zimekwisha kuwafikia wakopeshaji wa ng'ambo, nao wakasita. Mradi ukapunguzwa, halafu ukafa. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1992, akina mama wa wafungwa wa kisiasa walikaa kwenye kona ya bustani hiihii na kugoma kula. Polisi walipowavamia, baadhi yao walivua nguo mbele ya askari, laana ambayo kila Mwafrika wa rika lile aliielewa. Kona hiyo inaitwa Freedom Corner. Ukijiuliza bustani ina faida gani kwa taifa, hiyo ni mojawapo: mahali pa kukaa wakati huna pengine pa kusemea.

Sitaki kuupamba mji kupita kiasi. Mbele ya bustani, juu ya nguzo nene, inapita barabara kuu ya ghorofa ya kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, na miti mingi ya barabarani ilianguka ili nguzo zisimame. Mchoro wa mwanzo ulitaka na kipande cha bustani. Kelele za mwaka 2019 zikaurudisha nyuma. Mwaka uliofuata mti mkubwa wa Westlands, mugumo kwa Wakikuyu, ulinusurika kwa amri ya rais baada ya watu kuusimamia. Mwaka 2024 habari za kumega Karura kwa ajili ya barabara zikaja tena. Vita vya namna hii havina mwisho, vina mapumziko tu.

Wangari alifariki tarehe 25 Septemba 2011. Aliacha wosia kwamba asikatiwe mti kwa ajili ya jeneza, basi jeneza lake likasukwa kwa mafunjo, gugumaji na mianzi, na taifa likamuaga hapa, kwenye bustani ambayo isingekuwapo bila yeye.

Usiku nilirudi River Road na viatu vizito kwa matope mekundu ya Karura na meusi ya mjini. Yule mama wa chai alikuwa anafunga. Aliniona, akapiga kelele: "Mtanzania! Miti uliiona?"

"Niliiona."

"Na iko aje?"

Nikamwambia iko na watu. Akafikiri, akatikisa kichwa kwa kukubali, akanimiminia chai iliyobaki chini ya sufuria, ile nzito, iliyo tamu kuliko zote, akakataa hela.

Msomaji, kama mtaani kwako bado kuna bustani, kiwanja au kisehemu cha msitu ambacho hakijazungushiwa ukuta, nenda jioni hii. Peleka watoto, peleka kahawa, peleka bao na kete. Nenda tena wiki ijayo, mpaka uujue kila mti. Siku ukiona jiwe la mpaka ambalo Ijumaa iliyopita halikuwapo, usilizungumzie kibarazani; liulizie ofisini, na udai jibu kwa maandishi. Kwetu sisi tulichelewa. Niliporudi Tanga nilikwenda kuhesabu fremu zilizojengwa pale kiwanjani: ni kumi na nne, na mbele yake watoto wanajifunza baiskeli barabarani, kati ya bodaboda.